Kura Isiyosikika

Veridiana alipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Ni mwendo wa saa mbili, kushuka na kupanda. Alipofika kwake, katika kijiji kimoja karibu na Mnyambe, mumewe Silvesta alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Veridiana alitua ndoo.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Anaomba ruhusa, anajipa. Anashtakiwa, anajihukumu. Na ni mtu mmoja."

Silvesta alitazama njiani kwanza. "Ladislaus huyo. Punguza sauti, Mama Stella."

Ladislaus ndiye aliyesimamia pampu ya maji ya kijiji. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Maji. Baraza lina wajumbe kumi na watano, watatu kutoka kila kitongoji. Hao ndio wanaotunga sheria za maji. Veridiana na Silvesta ni wajumbe. Bomba lilifika kitongojini kwao mwaka juzi, lakini zamu yao haikuwahi kupangwa. Kila Veridiana aliponyoosha mkono kuuliza, mwenyekiti alitazama dirishani.

Alasiri hiyo Baraza lilikuwa lichague mwenyekiti.

"Uchaguzi uliopita ulimnyooshea mkono," alisema Veridiana. "Nilikuona kwa macho yangu haya."

"Na yeye aliniona. Ndiyo maana niliunyoosha."

 Veridiana alikwenda kwa Mwalimu Dorika, mstaafu aliyefundisha somo la uraia, ambaye ndiye angesimamia kura siku hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja kama umelamba ndimu?"

Veridiana alimweleza yote. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema, "Hata Bunge la Dodoma lina mtu anayekalia kiti. Anaitwa Spika. Anatoa nafasi ya kusema, analinda utaratibu. Katiba inataka achaguliwe kwa kura ya siri. Na waziri haruhusiwi kuwa Spika."

"Kwa nini?"

"Waziri ana kazi za serikali, na Bunge ndilo linalomhoji. Akikalia kile kiti, nani atamhoji?"

"Sawa na huyu wa pampu."

"Hapo umejijibu."

Veridiana alimkazia macho. Binti wa Mwalimu ameolewa na mdogo wake Ladislaus. Mbona anasema vizuri hivi? "Na wewe unatafuta nini humu?"

Mwalimu alicheka. "Maji, mwanangu. Usiniamini. Njoo ukae karibu, unitazame nikihesabu kura."

Wajumbe walikutana darasani. Waliosimama kugombea walikuwa wawili: Ladislaus, na Queen, mshonaji wa nguo. Veridiana alinyoosha mkono. Ladislaus akatazama dirishani. Safari hii Veridiana alisimama bila kuitwa.

"Tupige kura ya siri!"

"Siri ya nini? Si sote ni ndugu?" alisema Ladislaus.

"Siri! Siri!" walipaza sauti wengine. Mzee Bartholomayo alipiga dawati kwa fimbo yake.

"Haya, iwe siri," alisema Ladislaus. Alitoka mwenyewe, akarudi na madebe mawili matupu.

Veridiana alishtuka moyoni. Amekubali upesi mno huyu.

Mwalimu Dorika alitundika mkeka pembeni na kuweka madebe nyuma yake. Kila mjumbe alipewa korosho moja na punje moja ya mbaazi. Korosho ni Ladislaus, mbaazi ni Queen. Unayemtaka, mtie debe la kwanza. Inayobaki, itupe debe la pili.

Rajabu aliingia wa kwanza. Debe la kwanza likalia *ko!* Ladislaus, aliyekaa karibu na mkeka, alitabasamu. Akafuata Lois. *Ti.* Ladislaus aligeuza shingo, akamtazama Lois mpaka mama wa watu akainamisha kichwa. Wa tatu alikuwa Silvesta. Jasho lilimtoka. Tayari alikuwa ameshika korosho kwa vidole viwili.

"Rudi, Baba Stella!" Veridiana alisema kwa nguvu. "Debe linasema! Korosho ina mlio wake na mbaazi ina wake. Huyu anasikiliza!"

Darasa zima likamgeukia Ladislaus.

"Unanishuku, Mama Stella?" aliuliza Ladislaus.

"Nakushuku. Nimemshuku Mwalimu, nimemshuku na mume wangu, sembuse wewe!"

Watu waliangua kicheko. Veridiana alivua kanga yake ya juu, akaitandika ndani ya debe la kwanza. Lois akatandika yake kwenye la pili. Wakaanza upya. Kimya. Hata Veridiana, kwa masikio yake yote, hakujua mumewe ameweka nini.

Mwalimu alihesabu mbele ya wote, Veridiana akiwa begani kwake. Mbaazi kumi, korosho tano.

Siku hiyohiyo walitunga sheria. Msimamizi wa pampu asikalie kiti cha Baraza. Mwenyekiti atoe nafasi kwa zamu, bila kubishana. Akitaka kubishana, ampishe mwingine kiti kwanza.

Kikao kilichofuata, cha kupanga zamu za maji, Queen alifungua, akasema, "Mimi naona kitongoji changu kianze..."

"Mwenyekiti, shuka kwanza!" alisema Veridiana.

Queen aliuma mdomo. Lakini alishuka. Mzee Bartholomayo akakaa kitini, Queen akatetea hoja yake, akashindwa. Kila kitongoji kilipata siku yake. Cha akina Veridiana kilipata Jumanne.

Jumanne ilipofika, Ladislaus alikuja mwenyewe kufungua koki, maana kazi ya pampu ilibaki yake. Maji yalikohoa, yakatoka. Veridiana alikinga ndoo huku akimtazama.

"Na Jumanne ijayo utafungua?"

"Usiniulize mimi," alisema Ladislaus. "Uliza Baraza."

Ndoo ilijaa hadi ukingoni. Veridiana akasogeza ya pili.