Mzunguko wa Kwenye Sanduku la Barafu

Kila Jumamosi ya kiangazi, kwetu Saskatchewan, Kanada, gari kubwa la kaka yangu Arvid hupakiwa kwa mpangilio uleule. Huanza pikipiki, zikafuata galoni za petroli, kisha tenti, na mwisho sanduku la barafu lenye soseji na pai yangu ya matunda ya porini. Mimi ndiye dereva, mpishi na mfuaji wa fulana zenye tope. Naitwa Berit. Mtoto wa kaka yangu, Signe, huniita shangazi, na akitaka kitu huniita shangazi mpenzi.

Signe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa mtoto wa kuota mchana kweupe. Ukimtuma chumvi anakuletea sukari, tena taratibu, huku anatazama mawingu. Mashamba ya kanola, zao la mafuta ya kupikia, yakichanua, manjano tupu hadi upeo wa macho, angesimama katikati ya kazi kuyatazama mpaka baba yake achoke kumwita. Nilikuwa namgombeza sana. Lakini mpandishe kwenye pikipiki umwone: macho mbele, vidole viwili juu ya klachi, hana habari na mtu.

Kaka yangu ndiye aliyeipatia kazi ile tabia ya kuota. Arvid naye alishindana ujanani, na watu wa motokrosi, mbio za pikipiki za kwenye vilima na tope, wana desturi yao. Jioni kabla ya mashindano, mtu hukaa chini, hufumba macho, akauzunguka uwanja wote kichwani mwake, kona kwa kona. Signe alilikalia sanduku la barafu kama kiti cha pikipiki, mikono mbele, akitaja kwa sauti kila mahali anapopita. Kwenye kona alilala upande. Kwenye kilima cha kuruka aliinuka kabisa, makalio hayagusi sanduku, kisha akatua polepole kwa magoti. Hata mimi, nisiye na subira na mambo ya ndoto, niliacha vyombo nikamtazama.

Mwaka ule alikuwa anaongoza daraja la pikipiki ndogo katika jimbo zima. Yalibaki mashindano ya mwisho, kwenye uwanja wa Birch Coulee. Akimaliza mbele ya Coralie Desrosiers, aliyemfuata kwa pointi, kombe ni lake. Na mwaka unaofuata asingekuwa na nafasi tena, kwa sababu miguu ilikuwa inarefuka, na angehamia kwa wakubwa na kuanza upya mkiani. Kwa hiyo alilitaka kombe lile kwa moyo wake wote. Mimi pia nililitaka, sitaficha.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi. Nilikuwa nakatakata vitunguu nikasikia pikipiki moja imenyamaza upande wa Kona ya Mierebi. Nilipofika kwenye uzio, Signe alikuwa ameshaiinua na anaipiga teke iwake. Mama aliyeshika bendera ya njano alimuuliza kama ameumia.

"Niko sawa," Signe akasema. Akanipungia mkono, akaondoka.

Nilirudi kwenye vitunguu vyangu. Kuanguka huku kwetu ni jambo la kila siku, mtoto hujipangusa vumbi akaendelea.

Jioni, jua la kiangazi bado liko juu, tulikula. Signe alivaa miwani ya jua, akaisogeza pai pembeni bila kuionja.

"Pai yangu ina nini leo?" nikamuuliza.

"Nimeshiba tu, shangazi."

Arvid alikuwa anapaka mafuta chujio la hewa. "Haya, binti," akasema, "panda sanduku utupeleke."

Signe akakaa, akafumba macho. Kichwani mwake geti la kuanzia likaanguka, akaondoka. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya nyasi zilizokatwa, na sauti yake ilikwenda nao, laini, kama ya mtu aliye karibu kusinzia. Kona ya kwanza, mchanga, bonde, mteremko, Kona ya Mierebi. Akalala upande wa kushoto. Halafu akasema, "Mstari wa mwisho. Nimefika."

Arvid akainua kichwa. "Na Nyati je?"

Nyati ndicho kilima kikubwa kuliko vyote pale, baada tu ya mierebi. Unaruka hewani mpaka unaona paa za magari. Hakuna mtu anayekisahau.

"Nimesahau," Signe akasema, na akacheka kidogo. "Nimechoka tu, baba. Ngoja nikanyooshe miguu, nitarudia."

Akaenda. Nilimwona anaingia kwenye tenti ya akina Coralie, wakazungumza, Coralie akichora hewani kwa mkono. Aliporudi alipanda tena sanduku na kutupeleka mzunguko mzima. Mara hii hakuacha kitu. Baada ya mierebi alisema, "Gia ya tatu, nakaa kulia, navuta mafuta yote, Nyati, natua kwenye mteremko, mstari wa mwisho." Arvid akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kwenye chujio lake.

Lakini mimi nilikuwa natazama sanduku. Kwenye vilima vingine vyote Signe aliinuka. Alipomtaja Nyati alibaki amekaa kama mtu aliye kwenye benchi la kanisa. Maneno yalikuwepo, yeye hakuwepo.

"Njoo unisaidie vyombo," nikamwambia, nikampeleka nyuma ya gari.

"Kuna vikombe viwili tu, shangazi."

"Basi tutaviosha sana." Nikampa taulo. "Hebu niambie. Leo asubuhi ulimruka Nyati mara ngapi?"

Akaendelea kufuta kikombe ambacho sikuwa nimekiosha.

"Sijui," akasema mwishowe. "Shangazi, naijua ile kona. Baada ya kona hakuna kitu. Nikifumba macho naona weupe tu. Nilimuuliza Coralie jinsi anavyopita, nikakariri." Machozi yakaanza kutoka chini ya miwani. "Kichwa kinauma tangu nilipoanguka. Lakini kesho kitakuwa kimepona. Usimwambie baba. Shangazi mpenzi, tafadhali."

Jamani, nilitamani kunyamaza. Niliwaza kombe, nikawaza miguu yake inayorefuka. Halafu nikawaza yuko hewani juu ya Nyati, na kichwani mwake weupe mtupu.

"Mimi sitamwambia," nikasema. "Utamwambia wewe. Nitasimama karibu yako tu."

Alilia sana, na nilimwacha alie. Kisha akaenda kuchukua helmeti yake. Nyuma ya helmeti alikuwa amebandika stika mpya ya namba yake. Akaipeleka kwa baba yake, akaibandua stika mbele ya macho yake. Chini yake kulikuwa na ufa.

"Niliangukia kichwa, baba. Nilificha."

Arvid aliutazama ule ufa muda mrefu, mikono yake imejaa mafuta. Nilidhani atafoka. Akauliza tu, kwa sauti ndogo, "Unaniona mmoja au wawili?"

"Mmoja. Lakini mwanga unaniumiza."

Tuliondoka palepale kwenda hospitali ya mjini, Arvid kwenye usukani, Signe amelaza kichwa mapajani mwangu, kanola inapita dirishani manjano na kimya. Daktari alimpima macho, akamtembeza kwenye mstari, akamuuliza maswali. Ni mtikisiko wa ubongo, akasema. Apumzike, asipande pikipiki mpaka atakapomruhusu yeye mwenyewe. Tena akatuambia wazi kwamba kichwa kikigongwa mara ya pili kabla hakijapona, mtoto anaweza asiamke.

Asubuhi tulirudi Birch Coulee kufungasha vitu. Signe alibaki garini, vioo vimefungwa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Coralie alikuja amevaa magwanda yake tayari, akagonga kioo taratibu, Signe akakishusha kidogo.

"Kumbe ndiyo maana uliniuliza habari za Nyati," akasema. "Nikajua unataka kuniibia njia yangu."

"Njia yako mbovu," Signe akamjibu. "Unakaa kulia mno."

"Basi nachukua geti lako leo. Nikishinda nitawaambia watu ulikuwa kitandani, wasije wakasema nimekuzidi." Akavuta glavu zake. "Pona haraka. Kushindana na hawa wengine ni kazi ya kuchosha."

Mashindano yalianza. Kutoka pale garini injini zilisikika kwa mbali, kama nyuki ndani ya mzinga, na vumbi lilipanda likasimama hewani. Pikipiki zilitokeza moja moja juu ya Nyati, zikaelea, zikazama. Mzunguko wa mwisho, ya kwanza kuelea ilikuwa ya Coralie, na hivyo ndivyo kombe lilivyokwenda kwao. Signe alilia bila sauti. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Arvid akaingia akakaa kando yake. Si mtu wa maneno mengi kaka yangu.

"Humu garini nina tairi la akiba," akasema. "Nina mnyororo wa akiba, hata klachi ya akiba. Kichwa cha akiba sina, Signe, wala hakuna duka linalouza. Jana ulinidanganya, na ningekufungulia njia ya kwenda kufa huku nakushangilia. Halafu ukasema kweli mwenyewe, na ilikugharimu kombe. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kombe. Ukiumia, sema. Sema siku hiyohiyo, hata kama umebakiza kona moja tu."

"Ndiyo, baba."

Wiki zikapita. Kanola ilikatwa, mashamba yakabaki makavu, na bata bukini wakaanza kupita juu wakielekea kusini. Maumivu yaliisha, miwani ya jua ikarudi kabatini, na daktari akasema sasa anaweza kupanda pikipiki tena. Jioni hiyohiyo, bila kuambiwa na mtu, Signe alikokota sanduku la barafu katikati ya jikoni, akalikalia, akafumba macho.

Arvid na mimi tukaacha chakula. Geti, mchanga, bonde, mteremko. Kona ya Mierebi, akalala kushoto. Kisha akanyooka, vidole viwili juu ya klachi ya hewani.

"Nyati," akasema, na akainuka.