Vibonge Viwili vya Njano

Saa sita mchana.

Chumba cha nyuma ya duka la matairi kilinuka mpira na jasho. Mjomba, ambaye hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale, alipangusa meza kwa kiwiko akaweka simu katikati. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya ua jeupe lenye mkia mwembamba, mrefu kama kidole.

"Okidi ya ardhini," alisema. "Siyo zile za kupamba hoteli. Hii inaota kwenye nyasi, kilima kimoja tu, ndani ya hifadhi. Mnunuzi anaitaka hai, na viazi vyake. Sepetu, unanisikia?"

Sepetu alisikia. Yeye ndiye mchimbaji. Safari iliyopita alileta magunia mawili ya aina ya kawaida, na mnunuzi akamwagia Mjomba udongo miguuni. Tangu siku hiyo Mjomba alikuwa na kauli moja kwake. Akairudia sasa, taratibu.

"Ukiniletea majani tena, shimo utakalochimba ndimo utakamolala."

Gia, dereva wao, akacheka peke yake.

Ndiyo maana dada yake Sepetu alikuwa amekaa pale kwenye tairi bovu, miwani puani, mkoba mapajani. Alifanya kazi chumba cha mbegu, kwenye bustani ya mimea. Sepetu alimbembeleza siku nyingi, akakataa. Kisha juzi akakubali ghafla. Sepetu hakuuliza kwa nini. Aliogopa asije akabadili mawazo.

"Nitaitambuaje?" aliuliza.

"Usitazame majani, yatakuchezea shere tena," dada alisema. "Hii na ile ya kawaida ni pacha mpaka zichanue. Tafuta ua lenye mkia. Au mtafute nondo. Akiingiza uso kunywa asali, chavua inamganda, vibonge viwili vya njano, kama kabandikwa gundi. Hata ajifute vipi, havitoki. Ukimwona wa hivyo, ujue katoka kwenye ua."

"Nondo ana kitambulisho," Gia alisema. "Mimi sina."

"Nimepita leo asubuhi kuhakikisha," dada aliendelea. "Zimechanua."

Mjomba akachukua simu yake. "Saa tisa askari wa doria wanabadilishana zamu. Saa kumi tuwe barabarani."

Saa tisa na robo.

Gia alibaki na pikapu kwenye uzio. Watatu wakapanda kilima.

Hakukuwa na ua hata moja.

Majani yalikuwa tele. Majani mawili mawili, yamelala chini, yanang'aa, yote sawa. Sepetu alitambaa kwa magoti. Nyasi zilimchana shingo. Kila alipoona cheupe, moyo uliruka. Mara karatasi, mara kinyesi cha ndege, mara jiwe. Alitamani kulitukana jiwe.

"Liko wapi?" Mjomba alifoka kutoka juu.

"Jaribuni upande wa pili," dada alijibu.

Wakaenda upande wa pili. Majani. Wakarudi. Majani.

Saa tisa na nusu.

Kidole cha Sepetu kiligusa kijiti chenye unyevu. Akainama. Kilikuwa kikonyo, hakina kichwa, kimekatwa sawasawa kwa mkasi. Hatua chache mbele, kingine. Halafu kingine.

Akainua macho kumwita dada. Hakumwita. Kwenye fremu ya miwani yake, pale inapokalia pua, vilikuwa vimeganda vibonge viwili vya njano.

Alinusa kabla ya kukata. Mjinga huyu alinusa!

Akamsogelea. "Umeyakata," alinong'ona. "Unataka nife?"

"Shusha sauti. Bila maua hajui achimbe wapi. Nimewapigia doria, wako njiani."

"Watanifunga!"

"Wakufunge. Nitakuletea sabuni gerezani. Huyu atakuua."

"Si ungeniambia?"

"Wewe? Tangu utotoni ukificha kitu, uso unakutangaza."

Viatu vya Mjomba vilikuwa vinateremka. Sepetu alifuta fremu ya dada kwa dole gumba, haraka. Vibonge vikahamia kwenye dole. Akalisugua kwenye suruali. Vikabaki. Akasugua tena. Vikabaki!

"Mnanong'ona nini?" Mjomba aliona kikonyo, akakiokota, akakibonyeza. Majimaji yakatoka. Akachomoa bastola. "Hiki kimekatwa leo. Mikono juu, wote."

Ya dada ilikuwa safi. Kwenye ya Sepetu, Mjomba alitazama dole gumba kwa muda mrefu. Somo la mchana alilisikia kama wengine.

"Kumbe nondo ni wewe."

"Ni mimi niliyekata," dada alisema.

"Anajitwika lawama tu," Sepetu alisema. "Si unajua madada."

"Chimba."

Akachimba. Udongo ulikuwa mawe matupu, sepetu inagonga na kuteleza. Hakuwahi kuchimba polepole hivyo maishani mwake, na bado shimo liliongezeka. Doria gani hii! Wangekuwa wanakuja kumkamata mwizi wa kuku wangeshafika.

Ghafla, huko chini, pikapu ikanguruma. Gia aliliona gari la doria kabla ya wengine, na hakupiga hata honi kuwaita wenzake. Akaondoka.

Mjomba aligeuza shingo. "Gia! We mbwa!"

Sepetu akazungusha sepetu kwa nguvu zote. Ikampata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ililia, kisha ikaanguka. Mjomba alipiga magoti akiushika mkono. Sepetu alitaka kukimbia, paja likagoma. Suruali ilikuwa imelowa damu.

Saa kumi kamili.

Askari walishamteremsha Mjomba. Sepetu walimfunga paja kwa kitambaa na mikono kwa pingu. Dada alitembea pembeni yake, naye ameshikwa bega, akiulizwa maswali. Walipofika nyuma ya jabali, alisimama. Lilikuwapo ua moja, jeupe, mkia unaning'inia.

"Hili mkono uligoma kulikata," alisema. "Weka dole lako hapo katikati."

"Nimepigwa risasi, nimefungwa pingu, na bado unanituma?"

"Weka, mdogo wangu. Limebaki peke yake. Bila chavua ya wenzake halitazaa mbegu."

Sepetu alisonya. Akainama kwa maumivu, akabonyeza. Dole liliporudi lilikuwa na kibonge kimoja tu.

Askari akavuta pingu. "We! Unaiba tena?"

"Narudisha," Sepetu alisema kwa hasira, akaanza kuteremka akichechemea.