Mkeka wa Tatu Uliopungua Ukili Mmoja

Mikono ya Mwanamkuu haikujua kupumzika. Akingoja ugali uive, alisuka ukili. Akienda kumwona mgonjwa, alikwenda na ukili wake kwapani. Watu wa Msimbu walimtania, wakasema hata malaika wa kutoa roho atamngoja kwanza amalize.

Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa ukindu, majani ya mti wa mkindu. Kili nyingi zikishonwa pamoja, mkeka umekamilika.

Ukindu wenyewe walikuwa wakiukata kijitoni, nyuma ya mashamba ya muhogo. Katika mwaka wa njaa, watu walikata pia mioyo ya mikindu, ile sehemu laini iliyo kileleni, wakaila. Wakaona ni mitamu ikipikwa kwa nazi. Njaa iliisha, utamu haukuisha. Mwanamkuu naye aliipika sana, na mumewe Kitwana alilamba mpaka vidole.

Sasa binti yao Tatu alikuwa ameposwa na kijana wa hapohapo Msimbu. Ndoa ilikuwa baada ya Ramadhani, na miezi mitatu tu ilibaki. Kwao, mkeka wa bibi harusi husukwa na mama yake mzazi. Mkeka wa kununua ulikuwa aibu ya kumfuata binti mpaka uzeeni.

Mwanamkuu alichukua panga akaenda kijitoni. Alikuta vigogo vyeusi vimesimama bila jani hata moja. Mikindu yote ilikuwa imekufa.

"Ukindu umehama," walisema wanawake waliokuwa wakiteka maji. "Kuna kitu kimeuudhi."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Kitwana alimtazama usoni, akajua.

"Mama Tatu, nunua mkeka," alisema. "Nani atatambua?"

"Mimi nitatambua. Na Biubwa, mama mkwe wa mtoto, atatambua kabla hajauketia. Nitakwenda kwa Saburi. Kule kwenye kinamasi chao ukindu haukosekani."

"Kinamasi kile kina viboko, mke wangu."

"Viboko hawasuki mikeka. Ukindu wangu watakuwa wameuacha."

Kesho yake alfajiri alishika njia. Saburi, mdogo wake wa kiume, aliishi upande wa Mlandizi, karibu na mto Ruvu. Mwanamkuu alifika kwake jua limeanza kupoa.

"Shikamoo dada," alisema Saburi. Dada aliitikia, akamweleza safari yake. Saburi alitikisa kichwa. "Kandokando ukindu umekwisha. Uliobaki uko katikati, na huko mimi mwenyewe sijafika. Wanawake hawaingii."

"Basi kesho utaona mwanamke anaingia."

Asubuhi aliifunga kanga yake vizuri, akachukua panga na fimbo ndefu ya kupimia tope. Saburi alinung'unika, lakini alichukua mkuki akamfuata. Angewaambiaje watu kwamba dada yake kaingia peke yake?

Tope liliwafika magotini, kisha mapajani. Mafunjo yalikuwa marefu kuwapita. Ruba waliwaganda miguuni, nao waliwabandua wakaendelea. Penye maji wazi waliona mayungiyungi meupe yameelea, na kambare wakipiga mikia chini yake. Walipoona njia pana iliyolaza matete, Saburi alimshika dada yake mkono.

"Hii ni njia ya kiboko," alinong'ona.

"Basi tusimame pembeni. Akipita, na sisi tupite."

Walisimama kimya mpaka miguu ikafa ganzi. Hakupita kiboko. Wakavuka.

Mbele kidogo, penye ardhi iliyoinuka, Mwanamkuu aliona mikindu, kijani kibichi. Moyo ulimruka kwa furaha. Aliinama penye shina la kwanza, akapeleka panga kwenye moyo wa mkindu, mlimo majani machanga meupe.

"Hodi mama," sauti ilisema. "Naomba usikate hapo."

Alikuwa kijana mwenye kaptura ya kaki iliyojaa tope. Shingoni alining'iniza daftari ndani ya mfuko wa turubai. Jina lake Mfaume, na watu walimwita Bwana Miti, kwa kuwa alifanya kazi ya misitu ya Serikali. Alikuwa ametumwa kuandika mimea na wanyama wote wa kinamasi kile.

Mwanamkuu alikasirika. Hakutoka Msimbu kuja kukatazwa.

"Kinamasi hiki ni cha Mungu," alisema. "Au siku hizi Serikali inatoza kodi hata tope?"

Mfaume alicheka. "Shikamoo mama. Ukindu utakata. Ila nijibu kwanza. Ukiukata moyo huo, jani jipya litatokea wapi?"

"Litatokea pembeni. Mti ukikatwa huchipua."

"Mkwaju huchipua, kwa sababu una matawi. Mkindu hauna tawi. Kila shina lina moyo mmoja tu, na majani yake yote hutoka humo. Ukiukata, shina hilo limekufa. Machipukizi yakitokea chini, mbuzi huyamaliza."

Mwanamkuu aliviona tena vile vigogo vyeusi vya kijitoni. Aliona na chungu chake jikoni, kikitokota kwa nazi.

"Tumeula," alisema polepole.

"Mmekula nini, mama?"

"Ukindu wetu. Watu wanasema umehama. Haukuhama popote. Tumeula sisi, na mimi nimepika." Alihisi haya mpaka akashindwa kumtazama yule kijana.

Mfaume hakumsuta. Alimwonyesha jani changa lililofumba, lililosimama wima kama mkuki katikati ya shina.

"Kata hili," alisema. "Moja tu kwa kila shina. Likate juu, usilifuate ndani mpaka moyoni. Kisha liache shina lifungue majani mengine ndipo urudi."

"Hapa pana mashina thelathini," alisema Saburi. "Mkeka wa harusi unataka majani mia tatu na zaidi. Dada, hayapatikani."

Mwanamkuu aliifunga upya kanga yake. "Kinamasi ni kikubwa. Tutakizunguka chote."

Wakakizunguka siku nane. Kila asubuhi waliingia watu watatu, wakatoka jioni wameloa. Mfaume alifurahi, maana hawa ndugu wawili waliyajua mengi asiyoyajua yeye. Mwanamkuu alimtajia mdaa, mti wa kutia ukindu rangi nyeusi. Saburi alimwonyesha vidimbwi ambamo kambare hujificha wakati wa kiangazi. Yote akayaandika.

Siku moja walikuta ndege wadogo wa manjano, minana, wakichana nyuzi kwenye majani ya mikindu na kusuka viota. Mwanamkuu aliwatazama kwa muda mrefu.

"Na hawa ni wasusi," alisema. "Wanachukua uzi tu. Hawaui mti."

Siku ya mwisho alihesabu mafungu yake. Yalitosha kili kumi na nne. Mkeka ulitaka kumi na tano.

Mbele yake lilisimama shina nene ambalo alikwisha kulikata jani lake. Ndani ya moyo wake mlikuwa na majani machanga mengine, meupe, yaliyobanana. Mioyo michache ya namna ile ingemaliza ukili wa kumi na tano. Saburi na Mfaume walikuwa mbali, hakuna ambaye angejua. Alimfikiria Tatu, akawafikiria wakwe wakiukunjua mkeka. Panga lilikuwa mkononi.

Alilirudisha panga kiunoni. Akamwita Mfaume.

"Nifundishe kuupanda," alisema.

Mfaume alimwonyesha machipukizi yaliyoota chini, ubavuni mwa mashina. Waliyachimbua kumi na mawili pamoja na mizizi yake, wakayafunga kwa mafunjo mabichi yasikauke. Mwanamkuu aliyabeba kichwani mpaka Msimbu, juu ya ukindu wake. Kabla ya kulala, aliyapanda kijitoni. Kitwana alimshikia jembe.

Alisuka Ramadhani nzima. Siku ya ndoa, wakwe waliukunjua mkeka mbele ya watu. Biubwa, mama wa bwana harusi, aliupima kwa shibiri kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Mwanamkuu," alisema, "mkeka huu umepungua ukili."

Tatu aliinamisha uso ndani ya ushungi wake.

"Ni kweli umepungua," alijibu Mwanamkuu. "Ningeweza kuukamilisha kwa kuua mikindu ya watu wengine, kama nilivyoua ya kwetu. Sikutaka. Ukili wa kumi na tano uko kijitoni, nimeupanda. Ukikomaa nitauleta."

Akawaeleza yote, pamoja na chungu cha nazi. Wanawake wengine walitazamana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na chungu chake.

Biubwa alipapasa ukingo wa mkeka kwa kidole. "Basi upande huu usiupinde ukingo," alisema. "Uache wazi. Tutangoja."

Tangu siku hiyo hakuna aliyepika tena moyo wa mkindu pale Msimbu. Wanawake waliyazungushia machipukizi ua wa miiba ili mbuzi wasiyafikie. Mawili yalikufa. Kumi yalishika, yakazaa na mengine pembeni.

Mwaka wa nne Mwanamkuu alikwenda kijitoni na wenziwe. Alikata jani moja kwa kila shina, akaenda zake. Baadaye akarudi, akakata tena moja moja, mpaka yakatosha. Akasuka ukili mmoja. Akaupeleka nyumbani kwa Tatu, wakaushona yeye na Biubwa, huku mjukuu wao akitambaa juu ya mkeka na kuwavuta uzi.

Kili kumi na nne zilikuwa zimekwisha kuiva rangi kwa kukaliwa. Ule wa kumi na tano ulikuwa mweupe. Mgeni akiuliza kwa nini haufanani na zile nyingine, Tatu hakumjibu. Alimshika mkono, akampeleka kijitoni akaone mwenyewe.