Mgomba wa Navalayo

Kaburi ya Navalayo ilianza kuota siku ya Jumatatu.

Si nyasi. Nyasi ingekuwa sawa. Ilikuwa chipukizi la ndizi, kijani kabisa, limesimama katikati ya udongo kama kidole cha mtu anaomba ruhusa darasani. Namalwa alisimama hapo na karai ya nguo kiunoni, akaliangalia mpaka maji ya nguo yakamlowesha miguu.

Shida ni hii: ndani ya hiyo kaburi hakukuwa na mtu. Navalayo, dada yake mkubwa, alipotea mwezi wa tatu akipelekea wakataji wa miwa chai. Birika ilipatikana, yeye hakupatikana. Wasichana wengine wawili wa huko Kabras walikuwa wamepotea hivyo hivyo, na polisi walikuja, wakaandika, wakaenda. Sasa huku mtu akipotea mpaka watu wachoke kutafuta, hawaachi jina lake lizurure. Wanakata shina la mgomba lenye urefu wake, wanalivalisha nguo yake, wanalizika na maombi kamili. Navalayo walimzika hivyo mwezi wa sita. Lakini shina lilikatwa juu, bila mzizi, na mgomba bila mzizi hauotangi. Hata mtoto wa nasari anajua.

Rachael, mama yao, aling'oa hilo chipukizi. Jumanne yakawa mawili.

Hiyo Jumanne, saa kumi, mvua ikakuja vile inakujanga kila siku. Rachael alikuwa anachambua mboga. Namalwa alikuwa anasonga ugali. Nje ya mlango kulikuwa na jembe kuukuu limezikwa makali juu, la watu kukwangua matope miguuni.

Kwaa. Kwaa.

Mtu alikuwa anakwangua mguu. Polepole, wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, vile Navalayo alikuwanga anafanya. Kukaingia harufu ya miwa iliyochomwa ikanyeshewa, tamu lakini imeoza.

"Nama," sauti ikasema kwa mlango.

Hakuna mtu mwingine alimwitanga Nama. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, lakini mkono wa mama ukawahi kuuziba, unanuka mboga.

"Usiitike," Rachael alinong'ona. "Ukiitika unaendanga nayo."

Jumatano mchana Patroba akapita. Patroba alikuwa nyapara wa wakataji, jirani, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kuitwa kukiwa na shida. Yeye ndiye alikata lile shina. Yeye ndiye alichimba kaburi, akashuka ndani kulilaza.

"Namalwa, kesho tunakata shamba ya juu," alisema. "Utuletee chai saa nne. Na usipite peke yako kwa hiyo miwa, dada yangu, dunia imeharibika. Nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe."

"Asante," Namalwa akasema, na akasikia amelindwa. Ni ukweli, alisikia amelindwa.

Kabla Patroba atoke kwa boma, Simiyu akafika. Simiyu anauzanga viatu vya mitumba kwa soko ya Lubao, na kando anafukuzanga majini. Rachael alikuwa amempigia simu usiku.

"Huyu ndiye daktari?" Patroba akacheka. "Si ni huyu aliniuzia viatu zote za kushoto!"

"Na ukavaa," Simiyu akamjibu. "Kaa basi uone kazi."

Aliwasha majani yake kwa kigae. Moshi haukupanda. Ulilala chini, ukatoka kwa mlango kama maji, ukaenda moja kwa moja mpaka kwa kaburi. Simiyu akaufuata. Majirani walikuwa wameanza kujaa kwa ua.

"Mama, hii si jini ya kufukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Hii inataka kuenda na imezuiwa. Mlizika nini hapa? Wacha tufukue tuone."

"Kaburi haifukuliwangi!" Patroba akaruka. "Mmeshikwa na wazimu?"

"Wewe ndiye ulichimba," Rachael akamwambia. "Chimba."

Watu walikuwa wanamtazama. Akachimba, jasho likimtoka kama ni yeye anachomwa.

Shina la mgomba likikaa miezi mitatu kwa udongo linakuwa uji. Hili lilitoka mbichi, likitoa utomvu, ndani ya rinda ya manjano ya Navalayo. Na pale juu, pahali pa shingo, kulikuwa na kamba nyekundu ya nailoni. Imezungushwa mara tatu. Imekazwa mpaka ikazama.

"Mimi nilimvalisha na hizi mikono," Rachael alisema. "Sikuweka kamba."

Namalwa aliangalia Patroba. "Ni wewe ulishuka naye. Ulimfunga ya nini?"

"Ili..." Patroba aliangalia majirani. "Ili asitembee."

"Mtu wa kupotea hafungwangi," Simiyu akasema, akirudi nyuma. "Anayefungwa ni yule ameuawa. Na anayemfunga ni yule anaogopa atamfuata."

Hapo mvua ikaanza, na kwa mlango wa nyumba tupu ikasikika kwaa, kwaa, na watu wote waliokuwa kwa ua wakasikia, na kwa matope zikaanza kujichora nyayo za mtu hakuna anayemwona, moja, halafu nyingine, zikapita katikati ya majirani waliokuwa wanagawanyika wakizipisha, zikapita karibu na Namalwa mpaka ile harufu ya miwa ikamjaa kooni, zikasimama nyuma ya Patroba, na kichwa cha Patroba kikavutwa nyuma kama ng'ombe amekazwa kamba, macho yamemtoka, halafu akaanza kutembea, akaingia kwa miwa, na watu na mapanga zao wakamfuata mpaka shamba ya juu kando ya mtaro, na huko akapiga magoti akaanza kuchimba na vidole.

Polisi walimkuta bado anachimba. Kucha zilikuwa zimeisha. Alikuwa ameshatoa wasichana watatu, kila mmoja na kamba nyekundu shingoni.

"Nimetoa," alikuwa analia. "Nimetoa wote, niache sasa."

Walimpeleka hivyo, na udongo mkononi.

Navalayo alizikwa Jumamosi, yeye mwenyewe, na kamba ikachomwa. Wale wengine wawili wakachukuliwa na watu wao. Machipukizi yakanyauka. Jumapili mvua ilikuja saa kumi na hakuna kitu kilikwangua. Rachael akalala kwa kiti, mara ya kwanza tangu Machi, mdomo wazi. Namalwa akamfunika na leso, akakaa akisikiza tu mvua ya kawaida.

Jumatatu, saa kumi.

Kwaa. Kwaa.

Nyepesi. Haraka haraka, kama mtu hafikii jembe vizuri.

Namalwa alisimama. Hakuna boma hapo karibu lilikuwa limesema limepoteza mtoto. Hakuna mtu alikuwa amemkatia mgomba. Akaangalia mama yake amelala, halafu akafungua mlango.

Kando ya jembe kulikuwa na nyayo mbili, ndogo, hazijafika urefu wa kiganja chake.

"Wewe ni wa nani?" Namalwa akauliza.

Nyayo zikageuka. Zikatembea mpaka mahali miwa inaanzia, zikasimama hapo zikijaa maji, zikimngoja.

Namalwa akarudi ndani kuchukua jembe la kuchimbia.