Injini Iliyovuta Pumzi

Ilikuwa siku ya kawaida pale Mnyuzi, jua kali, reli kimya. Shangazi yangu Mwaija alikuwa ametumwa na kijiji chetu cha ujamaa, huko Handeni, akakague pikapu kuukuu ya dizeli iliyokuwa ikiuzwa na shamba moja la mkonge. Alikwenda na Kaleb, fundi Msambaa ambaye ndiye angeiendesha. Wengine walitaka gari la kubebea mahindi. Shangazi alitaka gari la kumfikisha mwanawe Swaumu hospitali ya Korogwe uchungu ukianza, maana binti yake wa kwanza, Fatu, alifia njiani akibebwa kwenye kitanda cha kamba. Hakuwa tayari kuzika mwingine.

Kaleb alianza kwa kushika injini. Dizeli iliyochoka, muuzaji huiwasha mapema ipate moto, mteja asione inavyosumbua ikiwa baridi. Hii ilikuwa baridi, na iliwaka mara moja. Moshi haukuwa mweusi wala wa bluu. Akalala chini, akagonga chasisi kwa spana akitafuta kutu. Nzima. Mwisho akafungua kifuniko cha oili, akakiegesha juu ya tundu lake huku injini ikinguruma. Ringi za pistoni zikiisha, injini hupuliza hewa na kifuniko hurukaruka. Hiki kilitulia.

Akaizima injini. Ndipo kifuniko kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mama," Kaleb akanong'ona, "hii tuiache."

Bonaventura, karani wa shamba, hakujitia kushangaa. Alisema dereva wa zamani, Mhina, alifia humo ndani mwaka ule alipokuwa akihamisha watu kuwapeleka vijiji vipya. Alisimamisha gari kwenye mahame ya kwao, nyumba zimeshabomolewa, akainamia usukani, basi. "Pale mahameni gari hili huwa halipiti," akasema. "Fanyeni tambiko kwanza."

"Tumbo la mwanangu halisubiri tambiko," Shangazi akamjibu, na gari akalichukua. Mimi ningekimbia hadi Kerenge bila viatu, na wewe unayesoma usijifanye shujaa.

Wiki hiyohiyo, baada ya swala ya adhuhuri, uchungu ukamshika Swaumu, na mtoto akawa hatoki. Wakamlaza nyuma juu ya godoro la sufi, Shangazi kando yake. Kaleb akashika njia ya mkato, na gari lilikwenda vizuri mpaka mahameni kwa kina Mhina, penye mafiga yaliyoachwa na vichaka vilivyoota ndani ya kuta. Hapo likazima.

Kaleb akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya. Swaumu alipiga kelele, kisha akaacha kupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Shangazi.

"Yuko hapa mbele," Kaleb akanong'ona. Alikuwa amechomoa ufunguo. "Tazama kiti cha pembeni yangu. Kimebonyea."

Shangazi akashuka. Hasira zilikuwa zimempanda. Akainua boneti, akang'oa kifuniko cha oili. Hewa ikaingia tunduni. Ikatoka. Ya moto. Ilinuka tumbaku. Akainamisha mdomo.

"Mhina, nakusikia unapumua. Mwanangu naye anapumua kwa shida. Wewe umeshakufa, yeye bado. Uliwahamisha watu, ukahamisha na kwenu. Sote tumehamishwa, na hakuna aliyekaa katikati ya njia kuzuia wenzake. Kama hutaki kushuka, nenda nyuma ukamshike mtoto."

Akafunga kifuniko. Injini ikawaka. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Kaleb.

Aliporudi nyuma, alikuta godoro limebonyea upande wa pili wa Swaumu, pasipo na mtu. Alikishika kichwa cha mwanawe, akakaa.

Walipolikaribia daraja la mto Pangani, gari likarushwa na shimo. Ubao wa nyuma ukafunguka. Wakati huohuo mtoto akatoka, akateleza kuelekea barabarani. Mikono ya Shangazi isingefika.

Hakuanguka.

Hospitali walimwokoa Swaumu. Muuguzi Grasiana alipomwosha mtoto, akakuta mgongoni alama za vidole vitano, vinene, vyeusi kwa oili. Sabuni haikuzitoa. Mtoto yule leo ana mvi, na bado anazo. Watu walipomshauri Shangazi amwite mganga azifute, aliwafukuza uani kwake.

"Mkono huu ulimdaka mjukuu wangu," aliwaambia. "Haya, nionyesheni wenu ulikuwa wapi."