Lafudhi ya Tapachula

Sauti, jamani! Sauti tu ndiyo iliyomponza! Si kadi, si sura, sauti! Ngojeni nipumue kwanza.

Nereida ni shoga yangu, tunakaa chumba kimoja hapa Tapachula, kusini kabisa mwa Meksiko, karibu na mpaka. Mimi niko chuo, yeye anauza juisi sokoni. Siku hiyo mchana soko limefurika, kavaa blauzi yake ya njano yenye maua mabegani, hereni kubwa kama bangili, mara kasimama mbele yake kijana mrefu, fulana ya mpira imepauka, macho ya mtu asiyelala.

"Dada, nipe ya ukwaju. Na pajilla."

"Na nini?"

"Pajilla. Ya kunyonyea."

Nereida akachomoa mrija, akacheka. "Huku hakuna anayeuita hivyo, mpenzi. Wewe wa Honduras, eh?"

Kijana rangi ikamtoka. "Imejulikana?"

"Hata mbwa wa soko kashajua."

Huyo ndo Olvin. Kwao San Pedro Sula genge la mtaani lilimuua kaka yake, likamwambia anayefuata ni yeye. Alitaka kufika Monterrey, kaskazini kabisa, kwa binamu yake. Kadi ya kughushi alikuwa nayo, imeandikwa mzaliwa wa Monterrey. Tatizo mdomo. Njia nzima ina vizuizi, watu wa uhamiaji wanapanda basi wanakusemesha, ukijibu Kihonduras wanakushusha, unarudishwa kwenu. Na kwao kurudi ni kufa.

"Nitakufundisha," Nereida akamwambia. "Wiki sita tu, utakuwa Mmeksiko kuliko bendera."

Basi kila mchana wako pembeni ya ndoo ya barafu.

"Mtoto mnamwitaje kwenu?"

"Cipote."

"Chamaco! Rudia."

"Chamaco."

"Sasa niite mimi."

"Roho yangu."

"Hilo sijakufundisha."

"Hilo nilikuja nalo."

Jamani! Nilikuwepo, nikamwaga jagi zima la embe.

Wiki ya sita wauza nyanya walikuwa wanamuuliza mama yake anaishi mtaa gani wa hapa. Jumanne akapanda basi, shati jeupe, nywele kazilaza kwa maji. Akambusu Nereida kwenye paji la uso. "Nikifika nakupigia kabla sijanywa hata maji."

Hakupiga. Siku ya pili simu imezimwa. Siku ya nne Nereida anamwachia ujumbe wa sauti, "Baba, umefika?" Siku ya saba, "Kumbe ulikuwa unatafuta mwalimu tu! Baki na wanawake wako wa kaskazini, mbwa wee!" Mengine siwezi kuyaandika.

Siku ya tisa asubuhi ikaita namba ya Honduras. Mikono yake imejaa maembe, nikamwekea sauti kubwa.

"Nereida. Ni mimi."

"Uko wapi, mshenzi?"

"San Pedro. Nyuma ya jiko la shangazi. Usipige kelele, mama."

Akasimulia. Kizuizi cha tatu, ofisa kaangalia kadi, kaanza kupiga soga: mpira, mvua, watoto. Olvin anajibu yote, hajateleza hata mara moja. Ofisa akawa anatabasamu.

"Wewe wa Monterrey, kijana?"

"Ndiyo, mkuu."

"Ajabu. Mke wangu ni wa Tapachula. Unaongea kama mama mkwe wangu."

Mnaona? Kadi ya Monterrey, mdomo wa Tapachula: wakamshusha, wakamrudisha kwao. Nereida hajawahi kutoka jimbo hili. Alidhani anavyoongea yeye ndivyo inavyoongea Meksiko nzima. Na mimi msomi wenu, wiki sita nimekaa pale nacheka, sikuliwaza hilo.

Nereida akakaa chini, kwenye sakafu yenye maji. "Mimi ndo nimekurudisha huko."

"Usiseme hivyo."

"Wale wa genge wamekuona?"

"Jana wamepita mara mbili. Wamemuuliza shangazi kama ana mgeni."

"Nioe."

"Nini?"

"Nioe, Olvin. Mume wa Mmeksiko anaomba karatasi, anavuka mpaka kama mtu. Nakuja."

"Una wazimu wewe? Pale kona ya mtaa wana watu wao, wanasimamisha kila mgeni. Wakisikia Mmeksiko hutoki."

"Basi nitakuwa mpwa wa shangazi yako. Nifundishe."

Sikujua kama anacheka au analia. Mwisho akasema, "Haya. Ukisimamishwa, salimia hivi..."

"Ngoja kwanza! Hiyo ya Honduras nzima?"

"Ya San Pedro."

"Sitaki ya San Pedro. Nataka ya mtaa wenu. Nataka ya nyumba yenu. Niwekee shangazi nimsikie akigomba."

Siku tatu simu haijatoka sikioni, anauza juisi huku anamgombeza mteja kama shangazi wa Olvin. Leo asubuhi nimemsindikiza mpakani. Sketi nyeusi, bila hereni, nywele kazibana nyuma. Ameniaga kwa lafudhi ya kina Olvin, wallahi sikumjua. Nikacheka. Alivyopotea kwenye watu ndo nikakumbuka anakokwenda.

Kesho jioni anaingia ule mtaa. Akipiga, nawaambia yote, mpaka viatu alivyoolewa navyo. Asipopiga, kesho hiyohiyo nitakuja hapa, na nitawaambia vilevile.