Mtoto wa Mama Mkubwa

Jumamosi mchana mkahawa ule wa Wahindi wa kusini ulifurika, na mhudumu hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Alimkalisha fundi wa lifti meza moja na muuguzi asiyemjua, akaondoka zake. Muuguzi alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, simu sikioni.

"Mama, huku ugenini mchele wanaugeuza chapati! Wanaiita dosa, kubwa inapita sahani!"

Fundi akacheka kabla hajajizuia.

"Kumbe unasikia?"

"Mwaka mzima sijasikia Kiswahili mezani, dada. Ungeniziba masikio?"

Basi yakaanza hapo. Miezi minane walikula dosa meza ileile karibu na jikoni, nguo zikinukia vitunguu na haradali ya kukaanga. Fundi alimwita Kipenzi. Muuguzi alimwita Fundi Wangu, akimtania kwa kulamba bakuli la mchuzi wa dengu.

Siku moja akaingia mkahawani msimamizi wa kazi wa fundi, mtu mpole aliyefiwa na mke, rafiki wa mjomba wake fundi. Mjomba huyo ndiye aliyemtafutia fundi kazi, na alishamchagulia mchumba nyumbani.

"Na huyu bibie?"

Fundi akababaika. "Dada yangu. Mtoto wa mama mkubwa."

Muuguzi akaacha kutafuna. Akamtazama, akasubiri airekebishe kauli. Wapi! Mwanamume mzima akainamia sahani, akimwogopa mjomba aliye ng'ambo ya bahari.

"Karibu ukae nasi," muuguzi akamwambia mgeni, akasogeza kiti.

Tangu siku hiyo hakupokea simu za fundi. Alipopokea, miezi mitatu ilikuwa imepita.

"Kipenzi, nisamehe. Nilipaniki tu."

"Ingekuwa siku moja tu, ningekuelewa. Lakini msimamizi wako unamwona kila asubuhi."

"Nitamwambia."

"Mwambie kesho. Ameniposa. Nimemjibu kwamba kaka yangu akikubali, na mimi nimekubali." Alikuwa bado anampenda mjinga huyu. "Siwezi kukusemea, Fundi Wangu. Sema mwenyewe wewe ni nani kwangu."

Kesho yake msimamizi alimngoja mkahawani, suti imepigwa pasi, chai haijaguswa.

"Kazini mimi ni mkubwa wako," alianza, "lakini leo nimekuja kwako kwa adabu zote. Huku hana ndugu mwingine. Unasemaje?"

Fundi akafungua kinywa. Alikuwa na maneno yote, usiku kucha ameyapanga. Akafikiria kazi, akamfikiria mjomba, akafikiria aibu ya kuonekana mwongo mbele ya mtu anayemheshimu.

"Mtunze," akasema.

Msimamizi akamkumbatia, machozi yakimlengalenga, akapiga simu palepale. "Amekubali!"

Akasikiliza. Kisha akamnyooshea fundi simu. "Anakutaka wewe."

Fundi akaiweka sikioni. Alisikia pumzi anayoijua.

"Asante, kaka," muuguzi akasema, akakata.